Kabla ya Posa, Tujue Nani Alimnyonyesha Nani

Posa ikija, huuliza kwao wapi na babu yake nani. Kunyonya husahaulika, ilhali ndugu wa kunyonya hawaoani.

Zama za Mtume (S.A.W.), Uqba bin al-Harith alishaoa alipokuja mwanamke akasema amewanyonyesha wote wawili. Ukweni walipoulizwa, hawakuwa na habari. Uqba alisafiri kutoka Makka hadi Madina kumuuliza Mtume, na wakaachana.

Nasi visiwani, baada ya Mapinduzi ya 1964 jamaa wengi walitawanyika: Oman, Uingereza, bara. Wajukuu hukutana ukubwani bila kujuana. Cheti cha kuzaliwa humtaja mama mzazi, hakimtaji aliyenyonyesha. Hayo wanayo bibi zetu, nao wanatutoka mmoja mmoja.

Basi tuizoee kama nyiradi zetu: kila siku baada ya Isha, suali moja kwa bibi au shangazi. Ulinyonya kwa nani? Na nani mwengine? Mara ngapi? Kwa madhehebu yetu ya Shafi huhisabiwa mara tano, kabla ya miaka miwili. Jibu tuliandike daftarini usiku ule ule, na daftari lifunguliwe kabla mahari hayajapokelewa.