Jina Moja, Koo Mbalimbali: Akina Okello na Istilahi ya "Jina la Ukoo" nchini Uganda

Makala haya yanahoji istilahi inayoonekana nyepesi: "jina la ukoo". Katika Kiswahili sanifu ndiyo inayotumika kutaja jina la mwisho la mtu. Historia ya jina Okello inaonyesha kwamba nchini Uganda istilahi hiyo yaweza kupotosha.

Tuwatazame watu watatu. John Okello, mzaliwa wa Lango, alivuma tarehe 12 Januari 1964 alipotangaza redioni Mapinduzi ya Zanzibar. Kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa ameshaondolewa visiwani. Bazilio Olara-Okello, Mwacholi, aliongoza askari walioingia Kampala tarehe 27 Julai 1985 na kumpindua Rais Milton Obote. Siku mbili baadaye Jenerali Tito Okello Lutwa, naye Mwacholi, aliapishwa kuwa mkuu wa nchi. Alitia saini mapatano ya amani na Yoweri Museveni jijini Nairobi tarehe 17 Desemba 1985, akang'olewa madarakani tarehe 26 Januari 1986.

Maandishi mengi kuhusu mapinduzi ya 1985 huwataja majenerali hao wawili kwa pamoja kama "akina Okello", na msomaji asiye mwenyeji hudhani ni ndugu. Jina halithibitishi hilo. Kwa Waacholi na Walango, Okello ni mtoto wa kiume anayezaliwa baada ya mapacha. Wa kike huitwa Akello. Waganda humwita mtoto huyo Kizza. Jina hueleza nafasi ya kuzaliwa, si nasaba. Hivyo ndugu wa tumbo moja waweza kuwa na majina tofauti kabisa, na watu wasiojuana wakaitwa jina moja. Ukoo upo na una uzito katika ndoa na urithi, ila jina la namna hii haliutaji.

Ni kweli kwamba zipo familia ambazo leo hurithisha jina la baba. Hilo linazidisha utata: katika fomu moja, Okello mmoja ametajwa kwa kuzaliwa kwake, mwingine kwa baba yake.

Suala hili si la wanahistoria pekee. Katiba ya Uganda ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili kupitia marekebisho ya 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia kitumike rasmi. Fomu za usajili, ardhi na mirathi zikifasiriwa kwa kunakili "jina la ukoo", afisa ataona udugu pasipo udugu, na mrithi halali atatiliwa shaka kwa kuwa jina lake halifanani na la marehemu.

Tunapendekeza nafasi tatu badala ya moja: jina alilopewa mtu, jina la baba, na ukoo. Neno ukoo libaki kwa ukoo wenyewe.