Biashara ndogo na soko la mtandaoni: Namna ya kupanga mkakati wenye shabaha

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wafanyabiashara wengi wadogo wa Afrika Mashariki wameishika methali hiyo kwa miaka mingi, wakiamini kwamba bidhaa ikiwa nzuri mteja ataifuata mwenyewe. Hata hivyo, mteja wa leo aghalabu huanza kutafuta kwenye simu yake, na duka asiloliona humo huenda asilifikie kamwe, hata likiwa mtaa wa pili.

Wapo waliolitambua hilo wakakimbilia intaneti bila mpango. Hufungua ukurasa katika kila mtandao, huweka picha kwa wiki chache, hulipia tangazo moja au mawili, kisha hukata tamaa. Mara nyingi kinachowaangusha ni kuutawanya mtaji mdogo walio nao, kwani mshika mbili moja humponyoka.

Maswali manne ya mwanzo

Mkakati wa masoko ya kidijitali ni maamuzi yanayotangulia matangazo. Hujibu maswali manne: mteja anayelengwa ni nani, anapatikana wapi, aambiwe nini na wakati gani, na mafanikio yatapimwa vipi. Asiyeweza kuyajibu kwa sentensi fupi hajawa tayari kulipia tangazo.

Tuchukue mfano wa fundi cherehani mjini Jinja, mashariki mwa Uganda, anayeshona sare za shule. Akijitangaza kuwa anashona nguo za aina zote kwa watu wote, atashindana na kila fundi wa mji huo. Akiamua kuwalenga wazazi wa shule tatu zilizo karibu naye, kazi hupungua na kuwa wazi. Anajua watoto wanavaa rangi gani, na anajua kwamba wazazi huhitaji sare kabla ya muhula wa kwanza kufunguliwa. Kwa hiyo tangazo lake linapaswa kutoka wiki kadhaa kabla ya siku hiyo, likitaja shule, bei na siku ambayo nguo itakuwa tayari.

Njia chache, zitumike vizuri

Kwa biashara ya mtaani, njia mbili zinatosha kuanzia, na zote hazina malipo. Ya kwanza ni kuisajili biashara kwenye ramani ya Google, ili anayetafuta fundi aone mahali alipo, saa za kazi, namba ya simu na maoni ya wateja waliotangulia. Katika miji ambayo mitaa mingi haina namba za nyumba, alama moja iliyowekwa mahali sahihi kwenye ramani humwokoa mteja na maelezo marefu ya njiani.

Ya pili ni WhatsApp Business, programu iliyozinduliwa mwaka 2018 kwa ajili ya biashara ndogo. Humwezesha mwenye duka kuonyesha bidhaa kwa picha na bei, kuandaa majibu ya maswali yanayorudiwa, na kutuma ujumbe mmoja kwa wateja wengi kupitia orodha ya watu wasiozidi 256. Lakini ujumbe wa orodha hiyo humfikia tu mteja aliyeihifadhi namba ya biashara kwenye simu yake. Kwa hiyo mauzo yanapokamilika, ni vyema mteja aombwe kuihifadhi namba hiyo papo hapo.

Lugha nayo ni sehemu ya mkakati. Mzazi wa Jinja anaweza kuguswa zaidi na sauti iliyorekodiwa kwa Lusoga au Luganda. Muuza vipuri wa Malaba au Busia, anayehudumia madereva wa malori wanaovuka mpaka kutoka Kenya, atapata faida akiandika kwa Kiswahili.

Funzo kutoka Uganda

Historia ya karibuni ya Uganda inaonyesha hatari ya kuegemea mtandao mmoja. Julai 2018, serikali iliweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila mtumiaji wa mitandao ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo ilifutwa, na mahali pake ikawekwa kodi ya asilimia 12 kwenye vifurushi vya intaneti. Gharama hiyo humwangukia mteja, kwa sababu kila video anayoifungua hula kifurushi chake. Picha nyepesi yenye bei iliyoandikwa waziwazi ni heshima kwa mfuko wake.

Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, mitandao ya kijamii ilifungwa nchini humo, kisha intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Mitandao mingine ilirejeshwa mwezi Februari, lakini Facebook ilibaki imefungwa kwa miaka iliyofuata, na wengi wakawa wanaifikia kwa programu za VPN. Mfanyabiashara ambaye wateja wake wote walikuwa kwenye ukurasa wa Facebook alijikuta ametenganishwa nao kwa siku moja. Tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo, Facebook, Instagram na WhatsApp zilikatika duniani kote kwa takriban saa sita.

Kwa hiyo, kila biashara inahitaji daftari lake la majina na namba za simu za wateja. Mtandao ukifungwa, ujumbe mfupi wa kawaida na simu ya sauti bado hufanya kazi.

Daftari hilo lina masharti yake. Uganda na Kenya zilitunga sheria za ulinzi wa data mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Mteja aombwe ridhaa kabla ya kuandikiwa, na akikataa kuendelea kupokea matangazo, namba yake iondolewe mara moja.

Kupima bila kujidanganya

Idadi ya waliopenda picha si mauzo. Kipimo cha kuaminika ni kumuuliza kila mteja mpya alivyoifahamu biashara, na kuandika jibu lake. Tuseme fundi wetu ametumia shilingi 60,000 kulipia tangazo, nalo limemletea wateja wanne. Kila mmoja amemgharimu shilingi 15,000. Iwapo faida ya sare moja ni shilingi 10,000, amepata hasara ya shilingi 5,000 kwa kila mteja aliyenunua sare moja tu. Tangazo hilo litakuwa na maana ikiwa mzazi huyo ana watoto wawili, au atarudi mwaka ujao.

Hesabu hiyo ifanywe mwishoni mwa kila mwezi. Njia iliyoleta wateja iongezewe nguvu, na isiyoleta iachwe bila majuto. Methali ya wahenga bado ina ukweli wake, kwani sare iliyoshonwa vibaya haitaokolewa na tangazo lolote. Kazi ya mkakati ni kuhakikisha kwamba iliyoshonwa vizuri inajulikana na wazazi wanaoihitaji, kabla shule hazijafunguliwa.