Lechwe wa Upemba

Lechwe wa Upemba (*Kobus anselli*) ni swala wa vinamasi vya Bonde la Upemba, kaskazini mwa mji wa Likasi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. F. P. D. Cotterill alimtambulisha kuwa spishi ya pekee mwaka 2005. Wataalamu wengine humhesabu kuwa nususpishi ya lechwe wa Zambia na Botswana.

Umbo. Kwato zake ni ndefu na hutanuka anapokanyaga, hivyo uzito husambaa na hazami sana matopeni. Miguu ya nyuma, mirefu kuliko ya mbele, humwezesha kwenda kwa mirukoruko katika maji ya kina kifupi, ambako simba hupungukiwa mbio. Kwenye nchi kavu, umbo hilo humpunguzia kasi.

Chanzo cha sifa hizo. Mnyama hajibadilishi kwa kutaka wala kwa kujizoeza. Kila kizazi huzaliwa na tofauti ndogo za kurithi. Wenye kwato zilizofaa zaidi kinamasini walinusurika na kuzaa zaidi, na baada ya vizazi vingi sifa hiyo ikaenea. Mchakato huu huitwa uteuzi asilia. Nzohe, swala wa ukoo wa mbali, naye ana kwato ndefu kwa sababu huishi kwenye mazingira kama hayo.

Hifadhi. Sehemu ya makazi yake imo katika Hifadhi ya Taifa ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939. Uwindaji umempunguza sana.