Barua ni Nusu ya Kuonana: Nyaraka za Wanandoa Wamisionari wa Rabai na Historia ya Kiswahili

Utangulizi

Waswahili husema kwamba barua ni nusu ya kuonana. Methali hii huwafariji walio mbali, lakini kwa mwanahistoria wa lugha ina onyo ndani yake, kwani nusu nyingine haimo katika karatasi. Imebaki kwa mwandishi, kwa wale aliokaa nao, na kwa wale waliomfundisha mambo aliyoyaandika.

Mhadhara huu unazichunguza barua ambazo wanandoa wamisionari wa Mombasa na Rabai walipeleka Ulaya kati ya mwaka 1844 na 1875. Mkazo umewekwa kwa Johannes Rebmann na mkewe Emma, waliozeekea kazini. Hoja yenyewe ni nyepesi kutamka ingawa ni nzito kutekeleza. Barua hizi ni chanzo cha thamani kwa historia ya Kiswahili, ila hazitoi ushahidi wao mpaka zimeulizwa maswali matatu: ziliandikwa kwa ajili ya nani? Kati ya mume na mke, ni sauti ya nani iliyohifadhiwa? Na ni nani aliyetoa maarifa pasipo jina lake kupewa nafasi inayostahili?

Pwani iliyojua kuandika

Kabla ya kuyajibu maswali hayo, hapana budi kuondoa dhana moja. Wamisionari hawakuleta barua katika pwani ya Afrika Mashariki. Nyaraka za zamani zaidi zinazojulikana katika Kiswahili ni barua zilizoandikwa Kilwa kuanzia mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu, ambazo zimehifadhiwa katika nyaraka za Goa, India. Karibu na mwisho wa karne ya kumi na tisa, mwaka 1892, Carl Büttner alichapisha Berlin mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili ya hati za Kiarabu, na humo mna barua za watu wa pwani. Kwa hiyo, mmisionari aliyeketi Mombasa kuandika barua alikuwa miongoni mwa watu waliokuwa na waandishi wao, adabu zao za salamu na utaratibu wao wa kutia sahihi.

Hata safari ya mmisionari wa kwanza ilitegemea waraka wa wenyeji. Johann Ludwig Krapf alipofika Unguja Januari 1844, Sayyid Said alimpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake. Barua hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango wa Mombasa, na ni baada yake ndipo barua zake mwenyewe zilipoanza kwenda Ulaya.

Barua na msomaji wake

Swali la kwanza linahusu msomaji. Krapf na Rebmann walikuwa Wajerumani kutoka Württemberg waliotumwa na chama cha Church Missionary Society cha London. Kwa wakuu wao waliandika Kiingereza, na kwa watu wa kwao lugha yao ilikuwa Kijerumani. Emma, ambaye Rebmann alimwoa mwaka 1851 alipokwenda Misri, alikuwa mjane Mwingereza. Hivyo nyumba moja ya Rabai ilikuwa na “nyumbani” mbili za mbali, kila moja ikiwa na lugha yake, na katikati yake lugha za kila siku zilikuwa Kiswahili na lugha ya Wanyika, yaani Wamijikenda kama tuwaitavyo leo.

Barua zilizopelekwa London hazikuishia mikononi mwa aliyeandikiwa. Sehemu zilizofaa zilichaguliwa na kuchapishwa, hasa katika jarida la Church Missionary Intelligencer lililoanzishwa mwaka 1849. Wasomaji wa jarida hilo ndio waliotoa sadaka za kuendesha kazi, nao walitaka kusikia habari za safari, hatari na maendeleo. Mwandishi wa Rabai alilijua hilo, na mhariri wa London alilijua zaidi. Habari ya mwezi mzima wa kutafuta tofauti ya vitenzi viwili haikuwa na mvuto wa kuifikisha katika kurasa za jarida.

Ikumbukwe pia kwamba barua zilitegemea pepo. Kutoka Mombasa zilichukuliwa na majahazi, na majahazi yalifuata kaskazi na kusi. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na huduma ya kila mwezi ya meli za posta kati ya Aden na Unguja ilianza mwaka 1872, wakati Emma alikuwa amekwisha kufariki. Kwa miaka yote ya ndoa yao, swali lililoulizwa kwa barua lilijibiwa baada ya miezi mingi, mambo yakiwa yamebadilika. Barua ya namna hiyo haiwezi kuwa mazungumzo. Mwandishi hulazimika kueleza kila kitu kwa ukamilifu, maana msomaji hana nafasi ya kumkatiza na kuuliza, “Una maana gani?”

Neno moja la Kilimanjaro

Hapo ndipo mwanaisimu anapopata faida. Mfano ulio maarufu ni wa tarehe 11 Mei 1848, Rebmann alipouona mlima Kilimanjaro na kitu cheupe kileleni. Kiongozi wake alikiita kitu kile kwa neno la Kiswahili, baridi. Rebmann akaandika kwamba ni theluji, na taarifa yake ikachapishwa London mwaka 1849.

Mwanajiografia W. D. Cooley, ambaye hakuwahi kufika Afrika Mashariki, aliikataa taarifa hiyo, na katika kitabu chake cha mwaka 1852 aliendelea kuipinga. Ubishi ulikwisha baada ya safari za Karl Klaus von der Decken mlimani hapo mwaka 1861 na 1862. Historia ya jiografia huishia hapo. Historia ya lugha inaanzia hapo hapo.

Kiongozi yule hakukosea. Mtu wa pwani hakuwa na haja ya jina la theluji katika maisha yake ya kila siku, kwa hiyo alikitaja kitu kwa athari yake: ni baridi. Wachaga waliouishi mlima walikuwa na neno lao, Kibo, ambalo Rebmann alilipata baadaye kwao na ambalo leo ni jina la kilele chenyewe. Kiswahili cha leo kinatumia theluji, neno lenye asili ya Kiarabu. Katika taarifa ya safari moja, basi, tunaona jinsi lugha inavyokutana na kitu kigeni kwake. Kwanza hueleza athari, kisha huazima kwa jirani au kwa lugha ya elimu. Rebmann hakuandika ili kutuachia somo hilo. Aliandika ili aaminiwe na watu wa mbali, na kwa kutaka kuaminiwa akalihifadhi neno lile, maana yake na mazingira yake. Hivyo ndivyo vitu vitatu ambavyo mtunga kamusi huvitafuta.

Sauti ya mke

Swali la pili ni zito zaidi. Kwa desturi ya vyama vya wakati ule, aliyetumwa alikuwa mume. Mke alihesabiwa kuwa mke wa mmisionari, hata kama alifanya kazi mchana kutwa. Rosine Krapf alifariki Mombasa tarehe 13 Julai 1844, miezi michache baada ya kufika, na mtoto wake mchanga wa kike akamfuata muda mfupi baadaye. Habari ya kifo chake iliwagusa wasomaji wengi wa Ulaya, na kaburi lake upande wa Nyali lipo hata leo. Lakini habari hiyo ilifika Ulaya kwa kalamu ya mumewe. Rosine ameingia katika historia kwa kufa kwake, kama kwamba hakuwa na neno lake mwenyewe.

Emma Rebmann aliishi Afrika Mashariki kwa zaidi ya muongo mmoja, hadi alipofariki mwaka 1866. Mwanamke aliyekaa Kisuludini muda wote huo alinunua chakula, aliuguza wagonjwa, alipokea wageni na kuagana nao. Hakuna hata moja kati ya shughuli hizo inayoweza kufanywa kwa Kiingereza mahali ambapo hakuna anayekijua. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf iliyotoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, inasifika kwa wingi wa maelezo juu ya vyakula, vyombo, maradhi na desturi za nyumbani. Maarifa ya namna hiyo hayapatikani kwa mwanamume aketiye na kitabu peke yake. Yanatoka jikoni, kisimani na kwenye kitanda cha mgonjwa, na hapo ndipo walipokuwa wanawake: wa Kizungu wachache, na wa pwani wengi zaidi. Kwa hiyo, unyamavu wa mke katika nyaraka za chama usichukuliwe kuwa ni dalili ya kutokuwapo kwake katika lugha.

Wazee wasiorudi

Rebmann alifika Mombasa mwaka 1846 na kuondoka mwaka 1875. Katika miaka hiyo 29 hakurudi Ulaya. Sir Bartle Frere alipomtembelea mwaka 1873 alimkuta mjane aliyekaribia kupofuka, akiwa na kundi dogo la waumini na rundo la kazi za kamusi. Kwa kipimo cha wasomaji wa jarida, hayo yalikuwa matunda haba, na wapo waliomwona kuwa mtu aliyechoka na kujitenga.

Kipimo cha mwanaisimu ni kingine. Kutokana na kazi za miaka ile ilitoka kamusi ya Kinyassa, iliyochapishwa mwaka 1877 baada ya kifo chake kwa usimamizi wa Krapf, na kamusi ya Kinyika iliyochapishwa mwaka 1887 kwa majina ya wote wawili. Mtu aliyekaa mahali pamoja miaka 29 hana habari mpya za kusisimua kwa kila meli, lakini ana sikio. Kadiri sikio lilivyozidi kuwa la Rabai, ndivyo barua ilivyozidi kuwa ngumu kuandikwa, kwani msomaji wa mbali hakuwa tena na uzoefu unaofanana na wa mwandishi. Barua za wazee huwa fupi si kwa sababu hawana la kusema. Huenda wana mengi mno ambayo yangehitaji kamusi nzima ili yaeleweke, na Rebmann aliitunga kamusi hiyo. Alipokwenda Ujerumani mwaka 1875 alisindikizwa na Isaac Nyondo, kijana wa Rabai, na mwaka uliofuata akafariki huko Korntal.

Waliotoa maarifa

Swali la tatu linahusu walimu. Krapf alianza kutafsiri Kitabu cha Mwanzo Juni 1844 akisaidiwa na Sheikh Ali bin Mueddin wa Barawa. Safari ya Kilimanjaro iliongozwa na Bwana Kheri. Kamusi ya Kinyassa ilitokana na kinywa cha Salimini, mtumwa aliyetolewa katika nchi za Ziwa Nyasa na kufikishwa Mombasa. Wote watatu wametajwa kwa majina, na ni haki kuwashukuru wamisionari kwa kuwataja. Hata hivyo, majina yao yamo katika dibaji na pembezoni, ilhali katika mwili wa maandishi wanageuka kuwa kauli ya kutendwa isiyo na mtenda: “huitwa hivi”, “yasemekana hivi”. Kila penye kauli hiyo pana mtu aliyesema.

Salimini anatuleta kwenye jambo la mwisho. Hakuna barua aliyoipeleka kwao. Mwaka 1864 walifika Rabai Waafrika waliokombolewa kutoka utumwani na kulelewa Nasik, India, miongoni mwao William Jones na Ishmael Semler pamoja na wake zao. Nao walikuwa wanandoa watumishi wa dini waliofanya kazi mbali, na wanaume hao wawili walipewa ushemasi mwaka 1885. Rebmann angeweza kuandika anwani ya Gerlingen, kijiji alikozaliwa. Mtu aliyetekwa akiwa mtoto angeiandika anwani gani?

Hitimisho

Imeonekana kwamba barua za wanandoa wa Rabai zilitungwa kwa kumlenga msomaji wa mbali, zikahifadhi zaidi sauti ya mume, na zikajengwa juu ya maarifa ya watu wa pwani na bara. Kasoro hizo haziziondolei thamani. Haja ya kumweleza asiyejua ndiyo iliyotuhifadhia maneno pamoja na mazingira yake, mapema kuliko kamusi yoyote iliyochapishwa.

Mwanafunzi wa historia ya Kiswahili anayezifungua nyaraka hizi azisome na kamusi za 1877, 1882 na 1887 zikiwa kando yake. Kila anapokuta neno la Kiswahili katikati ya sentensi ya Kiingereza au Kijerumani, asimame na kuuliza lilitoka kinywani mwa nani. Pengine jina halitapatikana. Lakini nafasi ya jina hilo ikiachwa wazi na kuonyeshwa kuwa iko wazi, hiyo nayo ni sehemu ya historia ya lugha. Barua ni nusu ya kuonana, na mtafiti ana wajibu wa kuitafuta nusu ya pili.