Kabla Hujaiuza Skrepa: Historia ya Mashine ya Upepo na Wazee Waliotujazia Matairi Bure

Leo tuwaweke pembeni mastaa na ndoa zao, maana kuna staa mmoja wa kitaa ambaye hakuna mtu amewahi kupiga naye selfie. Staa mwenyewe ni mashine ya upepo. Ndiyo, ile ile ya kujazia matairi.

Nimeikuta nyuma ya gereji moja hapa Singida mjini. Tanki refu limelazwa juu ya matofali, juu yake kuna kichwa kizito cha chuma, pembeni gurudumu la mkanda pana kama sinia la pilau, na geji ambayo kioo chake kimeshakuwa cha njano. Mzee mwenye nayo ana zaidi ya miaka 70 na ameniomba nisimtaje jina. "Andika mashine mjukuu wangu, mimi niache." Sawa babu, ila utanisamehe, mashine bila wewe haiandikiki.

Aliyenipigia simu ni kijana wake, na wala hakuwa na habari ya historia. Alitaka nimtafutie mteja. Mnunuzi wa skrepa alishakuja na mizani yake, akaahidi kulipa kwa kilo, na kijana ana marejesho ya bodaboda yamemkaba. Mzee kagoma. Nyumba nzima hawaongei vizuri kwa sababu ya chuma kimoja.

Kabla hujasema mzee anang'ang'ania takataka, hebu turudi nyuma kidogo.

UPEPO ULIINGIAJE KWENYE TAIRI?

Zamani magurudumu yalikuwa ya mbao, chuma au mpira mgumu. Mwaka 1845 Mskoti mmoja, Robert William Thomson, alisajili wazo la gurudumu lenye upepo, lakini halikushika soko. Mwishoni mwa miaka ya 1880 Mskoti mwingine, John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, akatengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Hapo dunia ikaamka. Mwaka 1895 ndugu wawili wa Ufaransa, akina Michelin, waliingiza gari lenye matairi ya upepo kwenye mashindano ya Paris hadi Bordeaux na kurudi. Walipata pancha mpaka wakachoka, lakini walionyesha kwamba inawezekana.

Sasa fikiria. Ukishakuwa na tairi la upepo unahitaji mtu wa kulijaza. Baiskeli utapiga pampu ya mkono, sawa. Lakini tairi la lori linataka upepo zaidi ya 100 kwa kipimo cha PSI, wakati bodaboda inatosheka na 30 hivi. Piga pampu ya mkono mpaka 100 uone kama hujalala chini. Ndipo ikaja kompresa. Mota au injini inazungusha mkanda, mkanda unasukuma pistoni, pistoni inaushindilia upepo ndani ya tanki, na tanki linautunza mpaka dereva afike.

SHELI, VUMBI NA SEKENKE

Ushawahi kujiuliza kwa nini Watanzania tunaita kila kituo cha mafuta "sheli" hata kama bango lake ni la kampuni nyingine kabisa? Ni jina la kampuni ya Shell. Bango lilibadilika, jina likabaki mdomoni. Na pale sheli, mafuta yalikuwa ya kulipia ila upepo ulikuwa wa bure. Ilikuwa akili ya biashara tu, kwamba dereva akisimama kujaza upepo ataondoka na mafuta pia.

Kwa Singida huo upepo haukuwa anasa. Mkoa wetu uko katikati ya nchi, na malori ya kutoka Dar na Dodoma kwenda Mwanza, Rwanda na Burundi yanapita hapa. Nyie mmeikuta lami. Wazee wetu walikuwa na vumbi, mawe na makorongo. Halafu mbele ya Misigiri, ukielekea Shelui, unakutana na mteremko wa Sekenke. Lori lenye mzigo likishuka pale breki zinachemka, joto linaingia kwenye matairi, na tairi likichemka upepo wa ndani unapanda. Kama lilikuwa bovu, linapasuka. Kama ulilijaza nusunusu linajikunja sana, linachemka zaidi, nalo linapasuka. Kwa hiyo aliyekupimia upepo Singida mjini ndiye aliyeamua kama utafika Nzega.

Mzee wetu alianza kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, kijana kabisa. Kazi yake ilikuwa kuchuchumaa. Anaweka kiganja juu ya tairi kusikia joto, anagonga kwa chuma na kusikiliza mlio, anajaza, anapima, kisha anapaka mate kwenye valvu. Mate yakitoa mapovu, ujue inavuja. "Tairi lina sauti," anasema. "Lenye upepo linaitika, lisilo na upepo linanung'unika."

Halafu ikaja miaka migumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera na bei ya mafuta kupanda duniani, nchi ilikauka. Jumapili baada ya saa nane mchana gari binafsi lilikuwa haliruhusiwi barabarani bila kibali. Matairi mapya yalikuwa ya kutafutwa kwa tochi, ingawa tulikuwa na kiwanda chetu cha General Tyre kule Arusha, kilichoanzishwa 1969. Tairi moja lilizibwa viraka mpaka likawa kiraka kitupu. Kipindi hicho, anasema mzee, dereva akishajaziwa upepo hakutoa pesa. Alitoa kipande cha sabuni au sukari iliyofungwa kwenye karatasi. "Mama yako huyu," anamwambia kijana wake, "nilimpelekea sabuni ya upepo."

Kijana kainama. Nadhani hiyo hakuwahi kuisikia.

Sheli ile ilipofungwa, mwenye nayo hakuwa na hela ya kumlipa mishahara iliyolala. Akamwambia achukue mashine. Kwa hiyo kile chuma unachokiona ndicho kiinua mgongo chake.

KWA WENZETU NI DILI

Huko Marekani na Ulaya kuna watu wanazisaka mashine kama hizi usiku na mchana. Wanazisafisha kutu, wanazipiga rangi upya na kuziweka kwenye gereji za nyumbani, pembeni ya magari yao ya zamani. Wamarekani wanaipenda sana Eco Tireflator, inayosimama kama nguzo yenye kidirisha cha namba. Unazungusha mkono kuchagua kiasi cha upepo, unachomeka mpira, na kengele inalia ting, ting, ting mpaka tairi lifike kiwango, kisha inanyamaza. Wafaransa wanatafuta kompresa ndogo za Michelin zenye kile kisanamu cha mtu wa matairi juu yake. Na jimbo la California lina sheria kwamba mteja anayenunua mafuta apewe upepo bure. Yani wenzetu jambo hilo wameliweka hadi kwenye sheria.

TULIVYOGONGA TANKI

Nikamwambia kijana, tusiuze kwanza, tujaribu kuifufua. Nikamleta fundi mmoja ninayemuamini. Mimi kwa haraka zangu nilishaanza kuulizia mota. Fundi akanizuia. "Mdogo wangu, unataka kutuua?"

Hapa sikilizeni vizuri wadau. Upepo una unyevu. Ukishindiliwa kwenye tanki, ule unyevu unageuka maji na kutulia chini. Asipofungua koki ya chini kila siku kuyamwaga, kutu inakula chuma kutokea ndani. Nje unaona rangi nzuri, ndani limebaki ganda la yai. Tanki kama hilo ukilijaza linalipuka kama bomu. Ndiyo maana mafundi wenye akili hulipima kwa maji, sio kwa upepo. Maji hayashindiliki, kwa hiyo likipasuka yanamwagika tu.

Fundi hakufika hata kwenye maji. Aligonga tumbo la tanki kwa nyundo ndogo, kidogo tu. Nyundo ikazama.

Tukanyamaza wote. Mzee aliingiza kidole kwenye tundu, akakitoa chekundu kwa kutu. "Miaka yote nililimwagia maji," akasema. "Tangu nimelileta hapa sikulimwaga."

Lakini kichwa kilikuwa kizima. Tulipokifungua, pistoni ilikuwa na mafuta yaliyoganda tu. Basi ikawa hivi. Tanki bovu likaenda kwenye mizani ya skrepa, na kijana akapunguza marejesho yake. Kichwa kikafungwa juu ya tanki la kompresa nyingine iliyoungua mota, baada ya kulipima kwa maji na kuweka valvu mpya ya usalama. Geji ya zamani haifanyi kazi tena, ila mzee kakataa isitolewe. Imefungwa pembeni ya mpya kama saa ya marehemu.

Sasa hivi kijana anajaza upepo bodaboda na bajaji kwa pesa. Mzee anakaa kwenye stuli karibu yake na kila asubuhi anauliza swali moja tu: "Umemwaga maji?" Kibao chao kimeandikwa kwa mkono: UPEPO. BAISKELI BURE.

Dunlop tunamjua, Michelin tunawajua. Huyu aliyechuchumaa miaka yote kwenye vumbi la Singida hata jina hataki litajwe. Na wako wengi, kuanzia Manyoni na Itigi hadi Kiomboi.

Haya, zamu yenu. Nani ana mashine ya namna hii nyumbani kwao, au babu aliyewahi kufanya kazi sheli? Tupia stori yako hapo chini. Ila kabla hujaiwasha, gonga tanki kwanza.