Watu Wanaoharibu Diski kwa Makusudi

Programu ikizima ghafla, utajua. Skrini itaganda, utatukana kidogo, utawasha upya. Hitilafu ya aina hiyo angalau ina adabu: inakuambia kwamba ipo. Ya kuogopwa ni ile ya kimyakimya. Unafungua picha ya marehemu nyanya yako miaka mitatu baadaye na unakuta nusu yake ni kijivu tupu. Diski iliulizwa, ikajibu, na jibu lake lilikuwa uongo.

Kuna kikundi kidogo cha watu ambao kazi yao ni kuuleta uongo huo kabla haujakufikia. Wanaandika programu za kuharibu data, kisha wanautazama mfumo wa mafaili, yaani ile sehemu ya simu au kompyuta inayojua kila faili imekaa wapi kwenye diski. Je, utagundua? Utanyamaza? Utazidi kuharibu? Historia yao inaanzia kwenye mvua.

Mwaka 1988, Barton Miller, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, Marekani, alikuwa nyumbani usiku wa dhoruba, anafanya kazi kwenye kompyuta ya chuo kupitia laini ya simu. Mvua iliivuruga laini, na herufi za ovyo zikawa zinajichomeka katikati ya amri alizoandika. Hilo halikumshangaza. Kilichomshangaza ni kuona programu za Unix, zilizoaminiwa kwa miaka, zinaanguka kwa sababu ya takataka hizo tu.

Basi akawapa wanafunzi wake kazi: tengenezeni programu ya kumwaga herufi za bahati nasibu, halafu mzilishe programu zingine. Mbinu hiyo akaiita fuzz. Matokeo yalichapishwa 1990. Walijaribu karibu programu 90 kwenye matoleo 7 ya Unix, na katika kila toleo waliangusha kati ya robo na theluthi ya walizojaribu. Wahenga walishasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Programu hizo zilikuwa hazijafunzwa na mama yeyote.

Lakini takataka za Miller ziliingilia mlango wa mbele, pale mtumiaji anapoandika. Je, zikitoka chini, kwenye diski yenyewe? Kwa miaka mingi wajenzi wengi wa mifumo ya mafaili waliichukulia diski kama balbu: inawaka au imeungua. Diski inayofanya kazi vizuri huku sehemu moja tu ikirudisha data mbovu haikuwa kwenye hesabu zao.

Waliokuja kuibomoa dhana hiyo walitoka chuo kilekile cha Wisconsin. Mwaka 2005, Vijayan Prabhakaran na wenzake, katika kundi la Andrea na Remzi Arpaci-Dusseau, walichapisha utafiti walioupa jina la IRON, yaani chuma. Walipachika programu yao kati ya mfumo wa mafaili na diski, kama mkalimani asiye mwaminifu. Mfumo ukiomba kusoma, mkalimani anasema imeshindikana, au anarudisha kitu kilichoharibiwa.

Ujanja ulikuwa katika kuchagua pa kuharibu. Sehemu kubwa ya diski ni data za mtumiaji: video, nyimbo, memes. Ukiharibu bila kuchagua, mfumo wenyewe huenda usihisi kitu. Ni kama kurusha jiwe Ziwa Victoria ukitumaini kumpiga samaki. Kwa hiyo chombo chao kilifundishwa kutambua aina ya kila kipande cha diski: hiki ni orodha ya folda, hiki ni daftari la kumbukumbu, hiki kinasema faili inaanzia wapi. Kisha kikaharibu kila aina kwa zamu yake, na wao wakaandika walichokiona.

Walichokiona hakikupendeza. Mfumo wa ext3, uliotumika sana kwenye Linux wakati huo, mara nyingi ulipuuza diski iliposema imeshindwa kuandika. Ulifanya kama hakuna kilichotokea. ReiserFS ulikuwa kinyume: kosa la kuandika likitokea, ulizimisha mashine nzima, heri kufa kuliko kuharibu zaidi. NTFS wa Windows ulijaribu tena na tena. Na ndani ya mfumo mmoja, kosa lilelile lingeweza kupewa majibu tofauti kutegemea limetokea wapi.

Ungeweza kusema hayo ni mambo ya maabara, diski za kawaida haziko hivyo. Mwaka 2008 jibu likatoka. Utafiti uliofuatilia diski milioni 1.53 kwa miezi 41 ulikuta visa zaidi ya 400,000 ambapo data iliyosomwa haikulingana na namba yake ya uhakiki, ile namba inayokokotolewa kutoka kwenye data ili kujua kama imebadilika. Kumbe mkalimani mwongo alikuwepo kitambo.

Kampuni ya Sun nayo ilikuwa imeanza safari yake 2001, Jeff Bonwick na Matt Ahrens walipoanza kujenga mfumo wa ZFS. Kando yake kulikuwa na programu ya kuutesa, ztest. Inaandika na kufuta, inajiua ghafla katikati ya kazi kana kwamba stima imepotea, na inamwaga uchafu juu ya diski zake za majaribio. Uchafu wenyewe ni namba moja inayojirudia: 1990c0ffeedecade. Kwa kuwa namba za aina hii huruhusu herufi a hadi f, mtu aliyeketi kuangamiza data alipata nafasi ya kutaja kahawa.

Hata hivyo ztest haiharibu kiholela. Inahakikisha inaacha nakala nzima ya kutosha ili ZFS iweze kujiponya. Ukiharibu kila nakala, hujapima chochote, kwa sababu hakuna mfumo unaoweza kurudisha kisichokuwepo. Mharibifu mzuri anaweka hesabu: ameharibu nini, wapi, na ahadi gani ya mfumo ilipaswa kushikilia. Bila hesabu hiyo huwezi kutofautisha mfumo uliopona na mfumo uliobahatika.

Kinga zilipoimarika, waharibifu nao wakanoa visu. Mwaka 2016 Vegard Nossum na Quentin Casasnovas wa Oracle walielekeza mbinu za fuzz kwenye mifumo ya mafaili ya Linux. Namba ya uhakiki sasa ilikuwa mlinzi getini, inakataa takataka zote kabla hazijaingia. Suluhisho lao? Haribu, kisha kokotoa upya namba ya uhakiki, kama mtu anayeghushi barua na kugonga muhuri sahihi. Btrfs ulionyesha kasoro ya kwanza ndani ya sekunde 5. Ext4 ulivumilia saa 2.

Ext4 ni mtoto wa ule ext3 uliokuwa ukipuuza makosa, na simu nyingi za Android hutumia huo au F2FS kuhifadhi kila kitu chako. Ukifungua msimbo wa zana za kuukagua na kuurekebisha, alizosimamia Theodore Ts'o kwa miaka mingi, utakuta mamia ya diski ndogo za mfano, kila moja na ugonjwa wake. Mkaguzi hupitishwa juu ya kila mgonjwa mara mbili. Mara ya kwanza anatakiwa ataje kasoro na kuirekebisha. Mara ya pili, kwa kawaida, anatakiwa asikute kitu. Wagonjwa hao hawatupwi. Mtu yeyote akibadilisha mstari mmoja wa msimbo, wanapangwa foleni tena, wote, na mkaguzi anaanza upya.