Kugusa si Kufungua: Simu Mkononi mwa Asiyeona

Muhula uliopita tuliwagawia wanafunzi wetu maelezo ya kutumia kamusi kwenye simu. Tuliandika: "Gusa alama ya kamusi, nayo itafunguka." Mwanafunzi mmoja asiyeona akatuambia kwamba kwake haifunguki. Akigusa, simu humtajia jina la alama tu. Tukaona inafaa kuieleza historia ya jambo hili.

Simu za vitufe, ambazo wengi wetu hapa Uganda tulianza nazo mwishoni mwa miaka ya 1990, zilikuwa na kinundu kidogo juu ya kitufe cha 5. Wenye macho hatukukijali. Lakini kidole kikishakipata kinundu hicho, tarakimu nyingine zote zimejulikana zilipo. Kusoma ujumbe ndiko kulikokuwa kugumu, hadi miaka ya mwanzo ya 2000 zilipotokea programu kama Talks, iliyosoma kwa sauti maandishi ya baadhi ya simu za Nokia.

Wakati huohuo watengenezaji walikuwa wakijaribu njia nyingine za kuiongoza simu. Nokia 7110 ya mwaka 1999 ilikuwa na gurudumu dogo la kuzungusha kwa kidole gumba. BlackBerry Pearl ya mwaka 2006 ilikuwa na kigololi. Vyote hivyo vilishikika. Mwaka 2007 ikaja iPhone, uso wake karibu wote kioo kitupu. Asiyeona angeshika nini? Kila mahali palikuwa laini, na kila mguso uliweza kufungua asichokitaka.

Mwaka 2009 Apple iliweka VoiceOver ndani ya iPhone 3GS. Ufundi wake ni kutenganisha kuuliza na kuamuru. Kidole kikipita juu ya kioo, simu hutaja kilicho chini yake na haifanyi lolote zaidi. Kugusa mara mbili kwa haraka ndiko kufungua. TalkBack ya simu za Android ilianza mwaka huohuo, ila mwanzoni ilitegemea kigololi au vitufe vya mishale. Njia ya kupitisha kidole juu ya kioo iliifikia Android mwaka 2011.

Sasa, tendo hilo la kidole tuliiteje? Darasani tulibishana. Kugusa ni kwa mara moja. Kuburuta kunataka kitu kinachosogezwa, na hapa hakisogei kitu ila kidole chenyewe. Kutelezesha tayari kumechukuliwa na wanaofungua kurasa. Mwanafunzi wetu akasema yeye hupapasa. Baadhi ya wenzake walicheka, pengine kwa kuwa neno hilo wamelizoea kwa mtu anayetafuta kiberiti gizani. Lakini ndiyo maana yenyewe: kutafuta kwa mkono bila kuona.

Maelezo yetu mapya yanasema: "Papasa hadi usikie 'kamusi', kisha gusa mara mbili." Mwenye neno bora zaidi atuandikie kabla ya toleo lijalo.